Mshahara wa jaji ndani ya muswada mmoja na wa mbunge: Pennsylvania 2005, New York 1999 hadi 2012 (uzi mrefu)

Mkalimani_PA (mleta uzi)

Salaam wakuu. Kwenye uzi mwingine kumezuka hoja kuhusu majaji wa majimbo ya Marekani: wanalipwa vizuri, sasa nyongeza ya nini tena? Jibu lake haliwezi kuisha kwa sentensi mbili, ndiyo maana nimelifungulia uzi. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani hapa Pennsylvania, nawakalimania zaidi ndugu zetu waliotoka Kongo, na habari hii kila karani wa siku nyingi anaijua.

Natanguliza msimamo wangu. Jaji kuongezewa mshahara si tatizo, tatizo ni nani anaongeza na anataka nini. Sheria ya mshahara wa jaji ikitungwa na watu ambao mshahara wao umo ndani ya sheria hiyo hiyo, jaji atageuzwa ngao yao, au atawekwa rehani mpaka wao nao wapate. Pennsylvania aligeuzwa ngao. New York aliwekwa rehani.

Tarehe 7 Julai 2005, kama saa nane usiku, Bunge la jimbo pale Harrisburg lilipitisha muswada wa mishahara. Wananchi hawakuitwa kutoa maoni na mjadala haukuwepo. Gavana Ed Rendell akatia saini siku hiyo hiyo, ikawa Sheria Na. 44 ya 2005. Mbunge wa kawaida alitoka dola 69,647 kwa mwaka akaenda 81,050, yaani nusu kamili ya alichokuwa akilipwa mjumbe wa Kongresi kule Washington. Viongozi wa Bunge walipanda zaidi. Humo humo wakawekwa maofisa wa serikali ya jimbo na majaji wa ngazi zote, na mishahara ya majaji ikapangwa kufuata ile ya majaji wa serikali kuu.

Sasa angalieni ufundi uliotumika. Katiba ya Pennsylvania inamkataza mbunge kupokea nyongeza ndani ya muhula ambao sheria ya nyongeza imepitishwa. Lazima asubiri uchaguzi, arudi kwa wapigakura kwanza. Wakatafuta uchochoro: pesa ile wakaiita malipo ya gharama yasiyohitaji risiti, ili mbunge aanze kuichukua mara moja. Halafu wakaongeza kifungu kinachosema mahakama ikibatilisha sehemu yoyote ya sheria, sheria nzima inaanguka.

Kisomeni tena kifungu hicho. Jaji atakayeletewa kesi ya kupinga uchochoro wa wabunge anajua kabla hajafungua faili kwamba akiuziba, nyongeza yake na ya kila jaji jimboni inaondoka nao. Ndiyo maana nasema ngao. Majaji waliwekwa mbele ili asiwepo wa kumgusa mbunge aliyejificha nyuma yao.

Wananchi waliwaka. Mwanaharakati Gene Stilp alizunguka na nguruwe mkubwa wa rangi ya waridi aliyejazwa hewa, akamsimamisha hadi mbele ya jengo la Bunge. Jaji Mkuu Ralph Cappy aliitetea sheria hadharani, na hilo liliwachafulia wenzake. Hapa majaji huchaguliwa kwa kura, na wa ngazi za juu wakishamaliza miaka kumi hurudi kwenye karatasi kwa swali moja tu: abaki, ndiyo au hapana. Novemba 2005 wabunge hawakuwa kwenye kura. Waliokuwepo ni majaji wawili wa Mahakama ya Juu, Russell Nigro na Sandra Newman. Hawakuwa wametunga sheria ile wala kuipigia kura, lakini majina yaliyokuwa karibu na kalamu ya mpigakura yalikuwa yao. Newman aliponea. Nigro akaanguka, jaji wa kwanza wa mahakama hiyo kukataliwa tangu utaratibu uwekwe na Katiba ya 1968, na hadi leo hajatokea wa pili.

Siku nane baada ya kura hiyo, tarehe 16 Novemba, sheria ikafutwa yote. Katika Baraza la Wawakilishi ni mtu mmoja tu, Mike Veon, aliyekataa kufutwa kwake. Mwaka uliofuata alipoteza kiti. Kabla yake, Mei 2006, wapigakura wa chama chao wenyewe walikuwa wamewaondoa vigogo wawili wa Seneti, Robert Jubelirer na David Brightbill.

Nitaendelea na kesi ya 2006 hapo chini. Nimeandika kirefu, naomba kwanza nisikie mawazo yenu.

Kipanga_wa_Tabora

Mleta uzi, umeandika vizuri ila nina neno. Huyo jaji alikuwa anapata kiasi gani kabla ya 2005? Siamini kama alikuwa analala njaa. Hapa kwetu hakimu wa mahakama ya mwanzo anasikiliza kesi za mashamba na mirathi kutwa nzima, anarudi nyumbani kwa bodaboda, na hakuna anayemfungulia uzi. Mimi nawaelewa wale wapigakura kabisa. Umeme umepanda, mafuta yamepanda, mtu anaamka asubuhi anakuta wakubwa wamegawana usiku. Angekuwa jaji, angekuwa mbunge, ningemwondoa.

Mama_Zawadi254

Kaka Kipanga, hasira naielewa. Lakini ukiwa na hasira na mbunge ukamwadhibu jaji, mbunge amefaulu.

Mkalimani, tupe hiyo kesi. Iliamuliwa na nani, ikiwa majaji wote wa jimbo walikuwa na maslahi ndani yake?

Mkalimani_PA

Mama Zawadi, hapo ndipo penye moto.

Stilp alikwenda mahakamani kupinga sheria ya awali. Majaji nao wakaja na kesi yao wakipinga kufutwa kwake, kwa sababu Katiba ya jimbo, Kifungu cha 5, inasema mshahara wa jaji hautapunguzwa akiwa ndani ya muhula wake, isipokuwa kwa sheria inayowagusa wote wanaolipwa mshahara na jimbo. Hoja yao: nyongeza ilipoanza kulipwa Julai, ndio ukawa mshahara wetu. Kuiondoa Novemba ni kupunguza.

Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliamua tarehe 14 Septemba 2006 mambo matatu. La kwanza, uchochoro wa malipo yasiyo na risiti unavunja Katiba. La pili, kile kifungu cha "ikianguka moja zinaanguka zote" hakina nguvu, kwa sababu Bunge haliwezi kuinunua hukumu kwa kuitishia mishahara mahakama inayotakiwa kulikagua. La tatu, kufutwa kwa nyongeza ni halali kwa wabunge na maofisa wa serikali, lakini si kwa majaji. Majaji wakabaki na nyongeza yao peke yao.

Nimeisoma hukumu ile zaidi ya mara moja. La kwanza na la pili nayaunga mkono bila kusita. La tatu kisheria ni sahihi, maandishi ya Katiba hayana njia nyingine. Lakini mwananchi wa kawaida aliona nini? Aliona watu wenye joho wameamua kesi ya mifuko yao na wameshinda. Jeraha hilo lilisababishwa na wabunge, siku walipoamua kuweka mishahara yote kapu moja.

Na kuhusu nani aamue: sheria ya hapa ina kanuni ya kale, kwamba ikiwa kila jaji ana maslahi katika shauri, basi wataliamua hao hao, maana vinginevyo mwananchi hana mahali pa kupeleka shauri lake. Si kanuni nzuri machoni, lakini mlango mwingine haupo.

Kipanga_wa_Tabora

Hapo umenichanganya zaidi mkuu. Jaji anaamua mshahara wake mwenyewe, halafu tunaambiwa ni uhuru wa mahakama?

Wakili_wa_Kijiji

Kipanga, naomba nikujibu kwa historia. Kwenye Tangazo la Uhuru la Marekani la 1776, moja ya mashtaka dhidi ya mfalme wa Uingereza lilikuwa kwamba amewafanya majaji wategemee utashi wake kwa kubaki kazini na kwa kiasi na malipo ya mishahara yao. Hawa watu walipigana vita, na mshahara wa jaji ulikuwa kwenye orodha ya sababu. Miaka kumi na miwili baadaye Alexander Hamilton akaandika kwamba anayemiliki riziki ya mtu anamiliki na utashi wake.

Na walitofautisha makusudi. Rais mshahara wake haupandi wala haushuki ndani ya muhula. Jaji haushuki lakini unaruhusiwa kupanda, kwa kuwa anakaa kazini miaka mingi na thamani ya pesa hubadilika. Kwa hiyo nyongeza ya jaji si takrima, waliiona tangu 1787 kwamba italazimika.

Kwetu ipo pia. Ibara ya 142 ya Katiba ya Tanzania inaweka mishahara ya majaji kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, haisubiri huruma ya bajeti ya kila mwaka.

Nyali_Mjini

Na Kenya ni Kifungu cha 160: mshahara na marupurupu ya jaji hayabadilishwi kwa namna ya kumuumiza. Kiwango kinawekwa na Tume ya Mishahara, SRC, Kifungu cha 230, ambayo inawawekea maofisa wote wa dola, wabunge wakiwemo. Na nyote mnakumbuka wabunge wetu walivyoipiga vita tume hiyo tangu 2013. Wangekuwa wanajipangia wenyewe hadi leo, sijui tungekuwa wapi.

Sasa New York je? Umesema rehani, hujaeleza.

Mkalimani_PA

Nashukuru kwa kunikumbusha, Nyali.

New York majaji waliongezewa mwaka 1999. Jaji wa jimbo wa mahakama inayosikiliza kesi kubwa akafikia dola 136,700, sawa na jaji wa wilaya wa serikali kuu wakati ule. Kisha kimya. Mwaka ukapita, miaka mitano, miaka kumi. Hakuna aliyekataa kwamba wanastahili. Magavana walisema wanastahili, Seneti ikasema, Bunge likasema, bajeti ikatengwa. Lakini kila muswada ulipofika mahali pa kupita, ulifungiwa kitu kingine: nyongeza ya wabunge wenyewe, ambao nao walikuwa wamekwama kwenye dola 79,500 tangu 1999, au jambo jingine la kisiasa ambalo gavana anataka na Bunge halitaki. Wabunge walijua wakijiongezea peke yao watachomwa na wananchi. Wakiwa nyuma ya majaji, wataonekana wanatetea haki.

Kipanga, uliuliza kama mtu wa dola 136,700 analia njaa. Halii njaa. Lakini kuanzia 2007 makampuni makubwa ya mawakili Manhattan yalikuwa yanamlipa kijana aliyetoka chuo juzi dola 160,000. Kijana huyo anasimama mbele ya jaji wa miaka ishirini kazini akiwa anamzidi mshahara. Na kati ya 1999 na 2012 bei za vitu Marekani zilipanda zaidi ya theluthi moja. Namba ikiganda wakati bei zinapanda, mshahara unapungua bila mtu kupiga kura ya kuupunguza. Majaji wengine waliondoka.

Jaji Mkuu Judith Kaye, mtu aliyesifika kwa upole na subira, alifika mahali akamshtaki Gavana na Bunge mwaka 2008. Fikirini mzigo wa jambo hilo: mkuu wa mhimili mmoja kushtaki mihimili miwili kwa niaba ya wenzake, akijua kesi itaishia kwenye mahakama anayoiongoza. Alistaafu mwisho wa mwaka huo kabla haijaamuliwa. Mrithi wake, Jonathan Lippman, hakukaa kwenye shauri.

Uamuzi ulitoka tarehe 23 Februari 2010 na ndio unanifanya niiheshimu mahakama ile. Walisema kuufunga mshahara wa majaji na mambo yasiyohusiana nao ni kuvunja mgawanyo wa madaraka. Mshahara wa jaji upimwe kwa haki yake mwenyewe. Lakini hawakujiandikia hundi. Hawakutaja kiasi. Waliliachia Bunge kazi hiyo, wakitarajia litaitekeleza kwa nia njema.

Mama_Zawadi254

Na Bunge likaitekeleza?

Mkalimani_PA

Si mara moja, lakini ndiyo. Mwishoni mwa 2010 wakatunga sheria ya kuunda tume ya watu saba kila baada ya miaka minne: watatu wa Gavana, wawili wa Jaji Mkuu, mmoja wa Spika, mmoja wa kiongozi wa Seneti. Pendekezo la tume linakuwa sheria lenyewe, isipokuwa Bunge litunge sheria ya kulikataa. Hapa ndipo palipogeuka. Zamani mbunge alikuwa anaua nyongeza kwa kukaa kimya. Sasa akitaka kuiua lazima asimame, apige kura, na jina lake liandikwe.

Agosti 2011 tume ya kwanza ilisema: dola 160,000 mwaka 2012, 167,000 mwaka 2013, 174,000 mwaka 2014. Hakuna aliyezuia.

Mwana_wa_Uvira

Ndugu zangu, mimi niko Lancaster, hapa hapa Pennsylvania. Nilipata uraia, na Novemba 2025 nilipiga kura. Kwenye karatasi kulikuwa na majaji watatu wa Mahakama ya Juu, abaki au aondoke. Sikujua lolote juu yao. Kanisani wengine walikuwa wakisema wekeni hapana kwa wote, wakubwa ni wale wale. Mimi niliweka ndiyo kwa sababu mtoto wangu alinisomea kidogo kwenye simu. Wote watatu walibaki.

Leo nikisoma habari ya huyu Nigro naona uzito wa kile kikaratasi. Kule tulikotoka jaji asiyelipwa vizuri tunamjua sana. Mwenye ng'ombe anashinda kesi. Mjane anarudi na faili lake. Hakuna hapa anayetaka kuona hilo tena. Kwa hiyo mimi mshahara wa jaji siuonei wivu, aupate. Lakini tuambiwe mchana, si saa nane usiku.

Wakili_wa_Kijiji

Mwana wa Uvira umenena. Saa nane usiku ndiyo iliyoiua sheria ile zaidi ya dola zenyewe.

Kipanga_wa_Tabora

Sawa, nusu ya hoja nimeikubali. Kumwondoa Nigro kwa kosa la Bunge hapana, hilo nalirudisha. Lakini tume nayo siipendi. Watu saba ambao hakuna aliyewachagua wanapanga pesa ya walipakodi, inakuwa sheria bila mbunge hata mmoja kunyoosha mkono. Wakikosea nitamwajibisha nani? Mbunge ataniambia si mimi ni tume. Tume itaniambia sisi tumemaliza muda wetu.

Pia hujajibu habari ya mahakimu wadogo.

Mkalimani_PA

Swali la mahakimu kwanza, maana ni haki yako. Hapa Pennsylvania wapo majaji wa wilaya ndogo wanaosikiliza kesi za kodi ya nyumba, makosa ya barabarani na hatua za mwanzo za jinai. Hawalazimiki hata kuwa mawakili, wanapitia mafunzo na mtihani. Nao walikuwemo kwenye sheria ya 2005, na hukumu ya 2006 iliwakinga kama wenzao wa juu. Ninapokalimania, kesi nyingi za watu wetu zinaanzia kwao: mpangaji anafukuzwa, kijana kakamatwa bila leseni. Ukiniuliza uhuru wa jaji unamgusa nani kwanza, nitakutajia huyu. Na mimi ningependa kuona hakimu wa mahakama ya mwanzo wa kwetu akipewa kinga ya mshahara kama ya jaji, kwa maandishi, ndani ya Katiba.

Kuhusu tume, hofu yako ina msingi, ila angalia kilichofuata New York. Mwaka 2015 sheria ilipanua tume ishughulikie na wabunge pia na maofisa wa serikali, lakini kwa maamuzi mbalimbali, si kapu moja. Desemba 2015 tume ikawapandisha majaji hadi dola 193,000 kuanzia 2016, na 2018 wawe sawa kabisa na majaji wa serikali kuu. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2016, tume ile ile ikaketi kwa ajili ya wabunge, ikashindwa kukubaliana, na wabunge wakatoka mikono mitupu. Walisubiri hadi 2019 ndipo wakapata dola 110,000, miaka ishirini tangu nyongeza ya mwisho.

Unaona? Mbunge alinyimwa na jaji hakudhurika. Kabla ya 2010 jambo hilo lilikuwa haliwezekani New York. Kuwajibisha kupo: Gavana na viongozi wa Bunge ndio wanaoteua wajumbe watano kati ya saba, na Bunge lina nafasi ya kukataa pendekezo kabla halijaanza kulipwa. Awamu ya mwisho ilimpeleka jaji dola 232,600 kuanzia Aprili 2024. Wabunge walikuwa na nafasi ya kulipinga kwa kura. Hawakulipinga, na wapigakura wa New York wanaweza kuwauliza kwa nini.

Nyali_Mjini

Swali la mwisho kwangu: Pennsylvania nao walijifunza? Waliunda tume?

Mkalimani_PA

Hapana. Hapa mishahara ya majaji inapanda kila mwaka kwa kufuata kipimo cha mfumuko wa bei kilichoandikwa kwenye sheria, na ya wabunge vivyo hivyo. Inazuia kuganda kama kwa New York, hilo jema. Lakini kiwango cha msingi bado kiko mikononi mwa Bunge, na hakuna kifungu kinachowakataza kuyaweka mambo yote mawili kwenye muswada mmoja tena. Kama kuna mdau anayefuatilia Harrisburg kwa karibu na ameona muswada wa kutenganisha, auweke hapa tuusome pamoja.